Katoka nani?

Mmeuliza wiki hii: bendi ikishabadilisha wanamuziki wake wote, je, bado ni bendi ile ile? Mimi sihesabu waliotoka, naangalia katoka nani. Chukueni Lynyrd Skynyrd, bendi ya roki ya Marekani, vijana wa Jacksonville, Florida, walioanza kupiga pamoja mwaka 1964 na baadaye wakajipa jina la kumkejeli Leonard Skinner, mwalimu wa michezo aliyewaandama wanafunzi kwa nywele ndefu.

Watu waliingia na kutoka pale tangu mapema. Mpiga besi Leon Wilkeson aliondoka kabla ya albamu ya kwanza ya 1973 kurekodiwa, Ed King akashika besi studio. Wilkeson aliporudi, King akahamia kwenye gitaa, na hapo ndipo yalipopatikana yale magitaa matatu yaliyowapa sifa. Yaani mtu asingeondoka, huenda tusingeyasikia! Mpiga dramu Bob Burns alitoka 1974, akaja Artimus Pyle. King naye akawaacha katikati ya ziara 1975. Mwaka uliofuata akaingia mpiga gitaa Steve Gaines, ambaye dada yake Cassie alikuwa tayari mwitikiaji. Bendi ikazidi kupaa.

Iliwezekana kwa sababu ya mazoezi. Walikuwa na kibanda cha bati huko Green Cove Springs, hakina kiyoyozi, na joto la Florida mnalisikia. Wenyewe wakakibandika jina la Jehanamu. Humo walipanga kila noti, hata zile solo ambazo bendi nyingine humwachia mpigaji ajitungie jukwaani. Mpiga gitaa mgeni alikuta kila kitu kimeshapangwa, kazi yake kujifunza na kupiga. Lakini mwimbaji wao, Ronnie Van Zant, hakuwa mtu wa kuandika mashairi. Aliyatunga kichwani, yakakaa humo humo. Huyo utamrithi vipi?

Tarehe 20 Oktoba 1977 ndege yao iliishiwa mafuta, ikaanguka msituni karibu na Gillsburg, Mississippi. Walikufa watu sita, wakiwemo Ronnie, Steve na Cassie. Manusura walirudi jukwaani 1987, mbele yao Johnny, mdogo wake Ronnie. Ilipofika zamu ya Free Bird, wimbo wao maarufu, Johnny hakuimba: magitaa yakapiga, maneno wakaachiwa mashabiki. Mjane wa Ronnie aliwapeleka mahakamani kwa ajili ya jina, lakini kwangu mimi Johnny alikuwa ameshatoa hukumu pale pale jukwaani.

Siwabezi wanaopiga sasa, ni mafundi. Rickey Medlocke aliwahi kuwapigia dramu mwanzoni mwa miaka ya 1970, akarejea 1996 na gitaa. Ila mpiga gitaa Gary Rossington alipofariki Machi 2023, hakubaki mwasisi hata mmoja. Wakija karibu nitakata tiketi bila kusita. Ningependa tu bango liseme "nyimbo za Lynyrd Skynyrd".