Maswali na Majibu: Mwanafunzi wa Uuguzi na Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

SWALI: Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi hapa Mbeya. Wanafunzi wangu hufaulu vizuri mtihani wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, lakini wakiwa wodini hukikwepa kitanda cha mgonjwa wa saratani asiyetarajiwa kupona. Je, niwaongezee vipindi vya darasani?

JIBU: Ndugu mkufunzi, vipindi visubiri. Mwanafunzi huyo mara nyingi hakukosa huruma, bali anaogopa kuulizwa jambo asilolijua na kusimama pale bila la kufanya. Kwa hiyo anza na maumivu, kwa sababu hapo muuguzi ana kazi iliyo wazi: kuuliza yanauma wapi, tangu lini na nini huyazidisha, kumwomba mgonjwa ayapime kuanzia 0 hadi 10, kuandika jibu kwenye faili, kisha kurudi kuuliza tena baada ya dawa.

Hofu ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, nayo iondolewe mapema, maana wauguzi wengi huirithi kutoka kwa waliowatangulia. Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, bila kusubiri mgonjwa alie. Dawa ya kulainisha choo huanzishwa pamoja nayo. Na ikipimwa kwa usahihi haiharakishi kifo. Mwanafunzi ajue pia kwamba mgonjwa akisinzia kupita kiasi na kupumua polepole, daktari aitwe mara moja.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na ambaye mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London, alisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Mama wa Rungwe anayewaza nani atavuna viazi vyake na nani atalipa ada ya mwanawe hatapata usingizi kwa dawa peke yake, na mwanafunzi asiyemuuliza habari za nyumbani hatalijua hilo.

Maneno yafanyiwe mazoezi kwa maigizo. Mmoja awe mzee mgonjwa, mwingine awe kijana wake anayemvuta muuguzi pembeni na kusema, “Dada, naomba usimwambie mzee.” Mwanafunzi ajizoeze kutodanganya na pia kutotangaza, bali kumuuliza mzee mwenyewe: “Baba, wewe unauelewaje ugonjwa huu, na ungependa kuelezwa nini zaidi?” Kama mzee anazungumza Kinyakyusa au Kisafwa tu, mjukuu asifanywe mkalimani wa habari nzito kama hiyo.

Mwisho, mwanafunzi asikutane na kifo cha kwanza akiwa peke yake. Awe na muuguzi mzoefu, na siku hiyohiyo akae na mkufunzi aeleze alichokiona, hata kama atalia. Mazungumzo hayo yaingizwe kwenye ratiba ya mazoezi, kwa sababu yakiachiwa muuguzi wa zamu aliyeelemewa na wodi nzima, hayatafanyika.