Wanyama wa udongo kupasuka motoni na rangi kubanduka: yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unafinyanga twiga na viboko nyumbani pamoja na wanao, ukiwaweka kwenye jiko la mkaa wanapasuka, na wachache wanaopona rangi inabanduka baada ya mwezi kama maganda ya kitunguu. Waliotangulia kukujibu wamesema moto wako ni mkali mno. Mimi nakataa. Kazi hii naifanya jioni na wikiendi kwa mwaka wa tisa sasa, na nimeshavunja wanyama wengi kuliko niliouza. Moto hauna kosa, wenyewe unaumbua tu kosa ulilolifanya wiki mbili nyuma. Adui yako ni maji, motoni na kwenye rangi pia.

Kiboko wangu wa kwanza alikuwa na ukubwa wa ndala ya mtoto, gogo zima, hana uwazi wowote ndani. Nilimwanika juani siku tatu. Kwa nje alikuwa mkavu, amepauka vizuri, nikajiona fundi. Nikampandisha jikoni na kuongeza mkaa. Haikupita robo saa nikasikia kishindo, kipande cha mgongo kikaruka mpaka kwenye bati la jirani. Nilipookota mabaki, ganda la nje lilikuwa limeanza kuiva lakini katikati udongo ulikuwa bado na ile rangi ya giza ya ubichi. Ndiyo siri yenyewe hiyo. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unadai nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji. Ukiukosesha njia utaitengeneza wenyewe.

Sasa udongo. Usichimbe popote tu. Ule mweusi wa mbugani unavimba ukilowa na kujikunja ukikauka, utakuchanachana hata kabla ya moto. Kipimo changu: nasokota kijiti chenye unene wa penseli nakizungushia kidoleni. Kikikatika, mchanga umezidi. Kikijizungusha bila ufa, tuendelee. Halafu natengeneza kibapa, nachora juu yake mstari wa sentimita 10, nakiacha kikauke kabisa, napima tena. Mstari ukirudi sentimita 9 maana yake udongo umesinyaa asilimia 10, na huo unahitaji kuchanganywa na kitu.

Kitu gani? Hili nilifundishwa ukubwani, mwaka niliopangiwa kazi Kyela. Jumamosi moja nilishuka Matema, kwenye soko la vyungu la Lyulilo, ambako kina mama wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha jirani kando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa na donge la udongo wangu mfukoni (ndiyo, nilikuwa nimefikia hatua ya kutembea na udongo mfukoni). Nikamwonyesha bibi mmoja. Akalivunja, akalisugua kwa vidole, akatia chembe mdomoni akaisaga kwa meno, akatema. Akaniambia huu ni mtamu lakini ni mtupu, hauna mifupa. Tangu siku hiyo vigae vya vyungu vilivyovunjika sivitupi. Navitwanga kwenye kinu kikuukuu, nachekecha kwa chekecheke la unga, nachanganya sehemu moja ya vigae kwa sehemu nne au tano za udongo. Chembe hizo zimeshachomwa, hazisinyai tena, na zinaacha vijinjia vya mvuke kupitia. Hata wale wanyama wangu waliolipuka wanaingia humo humo kinuni.

Kama huna vigae, mchanga wa mto unafaa. Wa baharini hapana, na hapa nina kidonda. Niliwahi kuwafinyangia swala sita mtu mmoja wa Kigamboni, wakatoka motoni wazuri kabisa, nikapaka rangi, nikalipwa. Baada ya wiki mbili tatu akanitumia picha: kila swala ana ndui! Vipande vidogo vimeruka mwilini, na katikati ya kila kishimo kuna kinukta cheupe. Ni makombe ya baharini yaliyokuwa kwenye mchanga. Yakichomwa yanakuwa chokaa, chokaa inavuta unyevu wa hewani polepole, inavimba, inasukuma. Hela nilirudisha. Kwa hiyo ukiwa Pwani chekecha udongo wako na utoe kila kitu cheupe, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama.

Kufinyanga kwenyewe nitapita haraka maana mikono inajua kuliko maneno, isipokuwa jambo moja: mnyama awe mtupu ndani. Mimi namfinyanga akiwa gogo, namwacha mpaka udongo uwe kama sabuni ya mche, yaani unakatika kwa kisu bila kunata na bila kumeguka. Hapo namkata katikati kwa mshipi wa kuvulia samaki, nakomba tumbo kwa kijiko hadi kuta zibaki na unene wa kidole cha mwisho, sawasawa kila mahali. Kingo zote mbili nazikwaruza kwa uma, napaka uji mzito wa udongo ule ule, nabana, nalainisha mshono kwa mgongo wa kijiko. Mwisho natoboa tundu tumboni kwa kijiti cha kiberiti. Bila tundu umetengeneza bomu.

Masikio, pembe na mikia inayodondoka, shida ni moja: umebandika tu. Usibandike, kwaruza na upake uji.

Na twiga wako, naomba tuzungumze. Miguu minne myembamba, shingo ndefu, halafu mwili mzito. Miguu inakauka leo, mwili unakauka wiki ijayo. Mwili ukianza kusinyaa unaivuta miguu ambayo imeshakakamaa, ufa unatokea pale pale pajani. Kuna dawa mbili. Ya kwanza, funga miguu na masikio kwa mfuko wa mkate ili vichelewe kukauka vingoje mwili. (Zamani nilitumia mifuko ya sokoni, lakini ilipigwa marufuku 2019, na mfuko wa mkate kumbe ni bora zaidi.) Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipenda: mlaze twiga chini, miguu imekunjwa, shingo juu. Twiga hulala hivyo hata porini, na watoto wanampenda zaidi.

Kukausha ni kivulini, ndani ya nyumba, siku 10 mpaka 14, zaidi kipindi cha masika. Geuza kila siku. Usiamini macho, tumia shavu: mguse mnyama shavuni, ukihisi ubaridi bado ana maji. Akiwa na joto sawa na la kikombe kitupu kilichokaa mezani, yuko tayari.

Siku ya kuchoma, natangulia kuwapasha. Wanakaa pembeni mwa jiko, si juu yake, kwa muda wa saa mbili hadi tatu, nikiwageuza na kuwasogeza kidogo kidogo. Ukishika kioo juu ya tundu la tumbo kikapata ukungu, rudi nyuma. Kisha kwenye shimo la kina cha goti: vigae vikubwa chini, wanyama juu yake, mavi makavu ya ng'ombe yakiwazunguka, kuni nyembamba, halafu pumba za mpunga kufunika. Pumba zinawaka taratibu usiku kucha. Moto wa namna hii unafika kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, na unahitaji kuvuka hiyo 600, kwa sababu kuna maji mengine yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe ambayo hayaishi kutoka chini ya hapo. Jiko lako la mkaa la kupikia, mnyama akiwa juu tu bila kufunikwa, huenda halifiki. Asubuhi usifukue kwa haraka. Ngoja majivu yawe ya kushikika kwa mkono. Mgonge kwa kucha: akilia kama kikombe, ameiva. Akitoa sauti ya kufa kama mbao, ana ufa au ni mbichi.

Wanaoishi nyumba za kupanga wanaokatazwa moshi, msichome, acheni wakavu tu na mpake rangi. Ila mjue ni pambo la kabatini. Binti yangu alimwogesha ng'ombe wake wa aina hiyo kwenye beseni, akaja kuniuliza ng'ombe ameenda wapi.

Rangi sasa. Naamini wewe umepaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya udongo, maana nami nilianza hivyo, nikijisemea kwamba Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama wake kwa rangi hizo hizo. Kweli, lakini yeye alichora juu ya mbao bapa. Udongo wa moto mdogo unavuta unyevu na kuutoa. Ukimvalisha koti la mafuta, unyevu unaoingia kwa chini, mahali usipopaka, unatafuta pa kutokea, unainua rangi. Tena rangi za mafuta nyingine zina madini ya risasi, na mtoto wa miaka miwili haangalii mnyama, anamtafuna.

Futa vumbi kwa kitambaa kibichi (usipulize wala kufagia, vumbi la udongo ni baya kwa mapafu), acha akauke siku mbili, paka mkono wa kwanza wa rangi ya maji iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Itanyweka, ni sawa. Kesho yake paka mkono wa pili mzito, kisha michoro kwa akriliki, na vanishi ya maji mwishoni.

Kwenye michoro mtazame mnyama kwanza. Madoa ya chui ni kama maua, pete iliyokatika na katikati rangi yake nyingine. Ya duma ni vinukta vilivyojaa, na ana mstari mweusi toka jichoni hadi mdomoni kama machozi. Nimeona sokoni chui wengi ambao ni duma walionenepa. Kiboko si wa kijivu mtupu, kuna wekundu wa waridi kuzunguka macho, masikio na chini ya taya. Tembo mimi simpaki kabisa. Wale wa Tsavo ni wekundu kwa vumbi la udongo wao, basi wangu namsugua kwa kokoto laini kabla hajachomwa, anatoka motoni na wekundu wake.

Jicho nalifanya la mwisho, kwa kijiti cha kiberiti: kinukta cheusi, kikikauka, nukta ndogo nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, upande wa juu, macho yote upande ule ule. Ukikosea upande mmoja anakuwa na makengeza. Ninaye nyati mmoja wa hivyo juu ya friji, mke wangu kakataa asiuzwe.

Ukijaribu, anza na kiboko. Twiga asubiri.