Usipige puti kwenye tenki la pikipiki kabla hujalipima upepo

Mkuu simama hapo hapo, weka grinda chini. Unajitengenezea tenki la petroli la pikipiki, umeuliza bati la geji ngapi, yaani unene gani, unapataje mviringo bila mashine, na rangi gani inahimili petroli, sawa, lakini mimi nimekwama pale uliposema mishono yote umeshachomelea na kesho unaisaga iwe bapa, unapiga puti, ule uji mzito wa kusawazisha bati, unapaka praima, rangi ya chini. Hapo ndo nilipoungulia mimi.

Tenki langu la kwanza nilitengeneza la pikipiki ya Honda CG125, bati la milimita 1, wiki tatu nagonga kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, kila jioni nikitoka kazini. Umbo likatoka safi, ukilipapasa kwa kiganja husikii bonde wala kilima. Fundi mmoja wa Gerezani, Dar, akanichomelea kwa migi, ile mashine ya umeme inayolisha waya. Nikamuuliza, tusilipime kwanza? Akacheka, akasema puti na rangi zinaziba kila kitu, yeye kazi hii kaifanya miaka ishirini. Miaka ishirini! Mtu anakudanganya kwa kujiamini namna ile na wewe unaitikia kwa sababu ana mvi na wewe huna. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Kumbe mshono wa migi unaweza kuwa na vitundu kama ncha ya sindano, na sehemu nyingine haujapenya ndani, umekaa juu juu tu. Ukiusaga ulingane na bati unaondoa ile nyama iliyokuwa inafunika vitundu, na bati la pembeni nalo unalila linabaki jembamba kama kopo la maziwa. Halafu juu yake unapiga puti. Puti haivumilii petroli inayotokea nyuma yake, inalainika, inaachia, petroli inatambaa chini ya rangi bila wewe kujua. Wiki ya pili nikaona lengelenge dogo kama punje ya dengu karibu na mshono wa chini, upande wa kulia. Nikalibonyeza likapasuka, kidole kikanuka petroli. Na chini yake pale pale ndo kichwa cha injini, cha moto. Namshukuru Mungu haikuwaka, ila rangi niliyoilipia laki mbili na nusu niliibandua kwa mkono vipande vipande.

Balaa kubwa lilikuwa kulirudisha. Nikamwaga petroli yote, nikalianika juani nusu siku, nikalipeleka kwa yule yule, naye akawasha mashine achomelee hivyo hivyo!! Mzee wa gereji ya jirani ndo alikuja mbio akamzimia mashine. Tenki ulilolimwaga petroli siyo tupu mkuu, mvuke wake ukifika tu asilimia 1.4 ya hewa ya mle ndani unaweza kulipuka, kwa hiyo matone yaliyojificha kwenye mkunjo yanatosha kukuua. Tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni mara nne, tukalilaza pa kuchomelea pawe juu, tukajaza maji mpaka chini kidogo ya mshono, ndo akachomelea. Siku nzima, kwa kazi ambayo kabla ya petroli ilikuwa dakika kumi.

Kwa hiyo pima upepo bati likiwa uchi, kabla ya puti, kabla ya praima, kabla tone la petroli halijaingia. Masikio ya kufungia kwenye fremu na kikalio cha koki ya kufungulia petroli viwe vimeshachomelewa, maana na hapo panatoboka. Ziba mdomo na tundu la koki kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, acha valvu itokeze nje, jaza kwa pampu ya mkono. Psi 2, ikizidi sana 3. Mtu asikuunganishie kompresa! Psi 3 kwenye ubavu wa sentimita 30 kwa 50 ni kama kilo 300 zinasukuma kutoka ndani, ukizidisha ubavu uliougonga wiki nzima unavimba kama andazi. Paka sabuni ya maji kwa brashi kwenye kila mshono, taratibu, subiri, angalia. Povu likichomoza hata la kichwa cha kiberiti weka alama ya chaki, achia upepo, chomelea, pima tena. Ukishasaga pima tena. Tenki langu la pili lilitoa povu sehemu kumi na moja, kumi na moja mkuu, na kwa macho mshono ulikuwa unang'aa hauna kasoro.

Geji, milimita 1 iko poa, ya 1.2 kwa mkono utaumia bure. Na siku ukitengeneza lingine tafuta mtu wa kuchomelea kwa gesi, mshono wa gesi ni laini, unaugonga kwa nyundo unalala wenyewe, grinda unaigusisha kidogo tu.

Kesho usipake chochote. Pima, halafu weka picha hapa ya mshono ukiwa na sabuni, tuuangalie pamoja kabla hujafungua kopo la puti.