Watu Wasiotumia Kaskazini

SUALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mjukuu wangu anayesoma skuli ameniambia kwamba huko Marekani wako wenyeji wa asili waitwao Wayurok, na kwamba lugha yao haina kaskazini wala kusini. Mimi nimevua miaka mingi baina ya Wete na kisiwa cha Fundo, na siamini kwamba mtu anaweza kutoka kwao akarudi salama bila ya kujua kaskazini iko wapi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, wanaelekezanaje? (Msomaji, Wete, Pemba)

JAWABU: Wa alaykumu salaam, mzee wetu. Mjukuu wako amesema kweli, ila ameishia nusu ya njia. Wayurok ni watu wa mto Klamath, unaoanzia katika jimbo la Oregon na kumwagika katika bahari ya Pasifiki huko California, na vijiji vyao vya zamani vilipangana kando ya sehemu ya mwisho ya mto huo na katika pwani iliyo karibu na mlango wake. Kwa hiyo dira yao ni maji yanayopita. Mtaalamu A. L. Kroeber, katika kitabu chake cha mwaka 1925 kuhusu wenyeji wa California, aliyaandika maneno yao makuu: *pets* ni upande mto unakotoka, *pul* ni upande maji yanakokwenda, *hiko* ni ng'ambo ya mto, *won* ni kupanda mlimani kuuacha mto, na *wohpe* ni ng'ambo ya bahari. Maneno haya huweza pia kuunganishwa, likapatikana neno moja lenye kubeba pande mbili.

Sisi wa visiwani, ambao mito yetu ni midogo, huenda tukadhani kwamba *pets* ni jina jengine tu la mashariki. Sivyo. Mtu akianza safari mlangoni mwa mto akaufuata kwenda juu, mwanzo atakuwa anaelekea kusini-mashariki. Akifika Weitchpec, pale mto Trinity unapoingia katika Klamath, mto unageuka, naye akiendelea kuufuata atajikuta anaelekea kaskazini-mashariki. Dira ya chombo itakuwa imezunguka, lakini kwa Myurok safari nzima imekuwa ya upande mmoja, *pets*, na akirudi ni *pul* mpaka mlangoni. Katika bonde lenye milima mikali, ambamo njia ya kweli ni mto wenyewe, nionavyo mimi elimu hiyo ina faida kuliko kujua nyota ya kaskazini iko wapi.

Wala usione ajabu, mzee wetu, kwa sababu kaskazini yetu nayo haikutoka katika dira. Ni pale unapotoka upepo wa kaskazi, na kusini ni pale unapotoka kusi. Wazee wetu waliokuwa wakingoja msimu ili vyombo vitweke waliziita pande za dunia kwa pepo zinazowaletea na kuwapelekea biashara. Walikuwa pia wakisema kibla kwa maana ya kaskazini, kwa kuwa kutoka kwetu Makka iko upande huo, na suheli kwa maana ya kusini, kwa jina la nyota. Leo mtu wa Dodoma anasema kaskazini bila ya kuwahi kukaa ndani ya jahazi, na neno limesahau upepo wake. Hali kadhalika Ng'ambo ya mjini Unguja: hori iliyokuwa ikiitenganisha na Mji Mkongwe ilikwisha kufukiwa zamani, Darajani hapana daraja, na majina yamebaki. *Hiko* ya Wayurok haikuganda namna hiyo, bali humfuata msemaji, na akivuka mto ng'ambo yake inakuwa kule alikotoka.

Jambo ambalo mimi limenishughulisha zaidi ni hili. Majirani wa Wayurok katika mto huo ni Wakaruk, na katika mto Trinity ni Wahupa. Lugha zao hazina udugu: Kihupa ni cha ukoo wa Athabaska, Kikaruk hakijapatiwa ndugu wa hakika, na Kiyurok, kama Edward Sapir alivyodai mwaka 1913 na wataalamu wakaja kukubali baada ya ubishi mrefu, ni ndugu wa mbali wa lugha za Algonkwini zinazosemwa hadi mashariki ya Kanada. Hata hivyo wote watatu huelekezana kwa mwendo wa maji, kwa hiyo desturi hii wameipata kwa mto, si kwa nasaba. Hata jina Yurok si lao. Ni neno la Kikaruk lenye maana ya upande maji yanakokwenda, na jina Karuk lenyewe ni upande yanakotoka.

Ama kuhusu Myurok anayesema Kiingereza, Kroeber anaeleza kwamba akitamka "mashariki" huwa analichukulia kuwa ni neno la kigeni la kutajia upande maji yanakotoka pale alipo. Basi ukipata kukutana naye, mzee wetu, kabla ya kutoa dira yako muulize kwanza amesimama kando ya maji gani.