Maswali Yenu: Nampeleka mamangu kula chakula cha Thailand, niagize aje?

SWALI: Sasa dada, mamangu anafikisha miaka 60 mwezi ujao na sisi watoto tumechanga tumpeleke hoteli ya Kithai huko Westlands, tutakuwa watu sita. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja wetu amewahi kula hicho chakula. Mama pilipili haiwezi kabisa, kakangu naye anasema huko watu wanakula na vijiti tutaaibika. Naogopa niagize kitu mama akiangalie tu mpaka kipoe. Nisaidie tafadhali.
Binti wa Umoja

JIBU: Dadangu, hongereni kwa kumkumbuka mama, na kakako mwambie atulie. Vijiti Wathai wanatumia kwa tambi, hasa zile za supu. Wali wanakula na kijiko na uma, kijiko mkono wa kulia, uma kushoto, na kazi ya uma ni kusukuma tu chakula kiingie kwa kijiko. Kisu hata hutakiona juu nyama inakujanga ishakatwa vipande.

Kitu ningewaomba sana ni hiki, msiagize kila mtu sahani yake. Hapo ndipo watu wengi huharibu halafu wanatoka wakisema chakula cha Kithai hakina maana. Hicho chakula kimepangwa kuliwa pamoja, kila mtu na wali wake, vitoweo vinakaa katikati ya meza mnachota kidogo kidogo, vile tu nyumbani sufuria moja ya kitoweo inahudumia ugali wa kila mtu. Ukikaa peke yako na bakuli la mchuzi wa nazi unachoka katikati, lakini ukichota mchuzi, halafu ukarudia kitu kichachu, halafu samaki wa kukaanga, utaona vile kimoja kinaita kingine. Kwa watu sita vitu vitano vinatosha, supu, kari moja, samaki mzima, mboga za kukaanga, na som tam, ile kachumbari ya papai bichi.

Sasa pilipili, hapa sikiza vizuri. Som tam inapondwa kwa kinu oda yako ikiingia, kwa hivyo ukisema pilipili moja au usiweke, wanaweza. Lakini kari ya kijani pilipili yake ilishasagwa pamoja na viungo vingine mapema, hata mpishi awe na roho nzuri namna gani hawezi kuitoa, atakuongezea tu tui. Kwa hivyo mama muagizie massaman. Hiyo ni kari yenye asili ya Waislamu, ina iliki, mdalasini na karafuu, ndani kuna viazi na njugu, na kwa kawaida haichomi sana. Mtu aliyezoea pilau akinusa tu anajisikia nyumbani.

Supu mchukulie tom kha ya kuku, ni ya nazi, ni pole. Nyinyi vijana jaribuni tom yum ya kamba wa baharini (prawns), ile UNESCO iliingiza kwa orodha yake ya urithi mwaka 2024, na Wathai wana haki ya kujivunia, ni supu ya ajabu. Ila mtakuta ndani vijiti vya mchaichai, majani magumu ya ndimu na vipande vya mzizi unaofanana na tangawizi. Hivyo havitafunwi! Vimewekwa vitoe harufu, visukume pembeni ya bakuli. Na mtu akichomeka asikimbilie maji, hayasaidii, ale wali ama anywe maziwa.

Kujua kama hoteli ni ya Kithai kweli, angalia kama kuna cheti cha Thai Select, hicho hutolewa na Wizara ya Biashara ya Thailand. Na kabla ya kuagiza uliza kama bei za menyu zishaweka VAT ya 16% na ile tozo ya utalii ya 2%, juu kuna mahali huongezwa chini ya bili na mchango wenu unaeza kosa kutosha.

SWALI: Dada, nina mzio wa kamba. Nikiagiza kuku tu niko salama?
Msomaji wa South B

JIBU: Hapana, usitegemee hilo. Viungo vya kari nyingi za Kithai husagwa na kapi, ambayo ni uduvi uliotiwa chumvi ukachachushwa, na ukiangalia bakuli huwezi kuuona. Som tam na pad thai, zile tambi za kukaanga, nazo huwekwa uduvi mkavu. Piga simu siku ya kubuku uongee na meneja, na ukifika mwambie weita tena kabla hajaandika oda, umwambie ni mzio, si ati hupendi. Uliza pia kama karai inayokaanga kamba ndiyo itakaanga kuku wako. Na kama wewe ni wale mzio huwafunga koo, mimi nakuomba kwa dhati utafute hoteli nyingine, jikoni kwa Wathai kamba hawakosi.