Maswali na Majibu: Treni ya Punggol na Ploti za Mariakani

Tangu niandike kuhusu Punggol, mji mpya wa makazi kaskazini-mashariki mwa Singapore unaohudumiwa na treni nyepesi ambayo njia yake ilijengwa kabla ya watu kuhamia, maswali kutoka kwenu wa Mombasa hayajakatika. Ya matusi nimeyaweka kando.

Mzee, hii treni nyepesi si ndiyo SGR? (Msomaji, Miritini)

Siyo. Hili nalijibu kwa mara ya mwisho. SGR inakupeleka Nairobi; treni nyepesi inakutoa mtaani ikufikishe sokoni au kwenye stesheni ya treni kubwa. Mabehewa machache, vituo karibu karibu. Ile ya Punggol hata inatembea kwa matairi ya mpira, juu ya njia ya zege iliyoinuliwa.

Shikamoo. Ulisema walijenga stesheni kisha wakazifunga miaka na miaka. Huo si ufujaji wa pesa za umma? (Mama wa watoto wawili, Mikindani)

Marahaba, mwanangu. Hata Wasingapore waliuliza hivyo. Buangkok, stesheni ya reli kubwa jirani na hapo, ilikuwa tayari mwaka 2003 lakini haikufunguliwa. Mwaka 2005 watu wakasimamisha tembo weupe wa karatasi ngumu karibu nayo, kuikejeli serikali kwa kujenga kitu cha ghali kisichotumika. Ikafunguliwa Januari 2006.

Punggol palikuwa mahali pa wavuvi na mabanda ya nguruwe na kuku. Mpango wa kupageuza mji ulitangazwa 1996. Mwaka uliofuata msukosuko wa fedha ukaikumba Asia, na ujenzi wa nyumba ukapoa. Hata hivyo njia ya treni nyepesi ilijengwa, yenye mizunguko miwili. Januari 2005 ukaanza mzunguko wa mashariki peke yake. Wa magharibi ulikaa bila abiria hadi Juni 2014, na stesheni moja, Teck Lee, imefunguliwa Agosti 2024. Walikuwa wanangoja watu wahamie.

Ufujaji? Mimi nasema hapana. Stesheni iliyofungwa haiendeshi treni tupu. Ghali ni kuja na reli baada ya watu kujenga. Tazama mitaa yetu ya Mishomoroni au Bombolulu: nyumba kwanza, barabara baadaye, mtaro wa maji ya mvua pengine mjukuu wako atauona. Leo ukitaka kupitisha reli huko, utaipitisha chumbani kwa nani?

Ila kuna jambo ambalo wanaoisifu Singapore hulipitia haraka. Ardhi kubwa kule ni ya serikali, na karibu wakazi wanane katika kila kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na bodi yake. Mwenye kupanga reli ndiye mwenye kupanga nyumba. Sisi hapa mtu ana nyumba Majengo na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, ambaye pengine hata hajamwona. Kabla ya kuzungumza treni, tungelimaliza hilo. Viongozi wetu huona raha zaidi kuzungumza treni.

Dalali ananiuzia ploti Mariakani, anasema stesheni ya treni nyepesi itakuwa mita 200 kutoka hapo. Ninunue? (Kijana, Changamwe)

Mwambie akuonyeshe ramani ya njia hiyo yenye muhuri wa serikali. Atakuonyesha picha kwenye simu. Mariakani, kwa taarifa yako, iko Kaunti ya Kilifi, kwa hivyo hata ahadi ya mwanasiasa wa Mombasa haivuki huko. Ukiipenda ploti kwa sababu zake yenyewe, nenda ofisi ya ardhi upekue hati, kisha mtafute mpima akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, na usitoe hata shilingi ya "kushika nafasi" kabla ya hapo. Na kama kweli reli itakuja, omba isipite juu ya ploti yako. Waulize waliongoja fidia ya SGR.

Mimi ni dereva wa matatu ya Kisauni. Treni hii itatunyang'anya riziki? (Dereva)

Huko hakuna reli ya aina yoyote, na ikija italazimika kuvuka mkono wa bahari wa Tudor kwanza. Endesha gari lako, bwana. Tena hata treni ikiwapo, abiria hashukii mlangoni kwake. Atahitaji wa kumleta kituoni. Ninachokuomba ni usisimame katikati ya daraja la Nyali kupakia.

Ina dereva? (Wengi)

Ya Punggol haina.

Kwa nini usitaje Addis Ababa, Waafrika wenzetu? (Mwalimu, Tudor)

Naitaja. Treni nyepesi yao ilianza 2015, njia mbili zinazokatiza mji, treni 41, na nauli iliyowekwa chini sana. Watu waliipanda kwelikweli. Kisha vipuri vikawa tabu, kwa sababu vinatoka nje na vinataka pesa za kigeni, na treni nyingi zikaishia kuegeshwa. Ndiyo maana mwanasiasa akiniahidi treni, mimi namuuliza habari za karakana na fundi. Utepe wa kukata hauna kazi nami.

Basi sisi tufanye nini, mzee, maana kila kitu unakikataa? (Msomaji yuleyule wa Miritini)

Sikikatai. Unaishi Miritini, ambako abiria wa SGR wamekuwa wakishushwa tangu 2017, na kwa miaka mingi wakahangaika na mizigo kutafuta matatu ya mjini. Na hapo hapo kwenu inapita reli ya zamani, iliyoanza kujengwa 1896, ile nyembamba ya mita moja. Inapita Changamwe, inavuka Makupa, inaingia kisiwani hadi stesheni ya Mombasa. Njia ipo na ardhi yake ilitengwa zamani. Kinachotakiwa ni treni fupi zinazopita mara kwa mara hata kama hakuna SGR iliyowasili, vituo mahali watu wanapoishi, na vibanda visizidi kusogea kwenye eneo la reli. Wewe mwenyewe, kama una kibanda pale, kirudishe nyuma.