Mlipe achore, sio akununulie

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kuna haja ya kumlipa dizaina wa ndani wakati nyumba ni yako na macho unayo. Mi nasema ipo, ila aje kabla fundi hajagusa ukuta, maana ukishapiga plasta na kupaka rangi afu ndo unamwita, hapo umemwita akuchagulie mito ya kochi na hiyo kazi hata mpwa wako anaiweza.

Wengi wanadhani dizaina ni mtu wa rangi na mapazia. Rangi ikikuudhi unapaka nyingine yanaisha. Shida ni soketi iliyofichwa nyuma ya kabati, switchi iko nyuma ya mlango, meza ya chakula ambayo ukivuta kiti kinagonga ukuta. Anayejua kazi atakwambia nyuma ya kiti acha kama sentimita 90, kati ya kochi na meza ndogo 40 au 45 hivi zinatosha, hayo ni mambo ya tepu wala sio fasheni. Afu taa, jamani taa! Kila chumba taa moja nyeupe katikati ya dari, sebuleni mnakaa kama mnasubiri kuitwa na daktari, kumbe ni kusoma tu boksi la balbu, ile namba yenye K ndo inasema rangi ya mwanga, 2700K mpaka 3000K ni ule mwanga wa njano wa kupumzikia, 4000K kwenda juu peleka unakofanyia kazi.

Margarete Schütte-Lihotzky, yule mama msanifu majengo aliyechora jiko maarufu la nyumba za Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, kachumba ka mita 1.9 kwa 3.4 tu, alianza na hatua na muda wa mtu anayepika, urembo ukafuata. Kwa hiyo dizaina akija na swali lake la kwanza likawa unapenda rangi gani, mi ningemuaga kwa heshima. Aulize nani anaamka wa kwanza, nani anafanyia kazi nyumbani, bibi anapanda ngazi au hapandi.

Sasa hela, hapa ndo penye ugomvi. Kuna wanaochaji kwa saa, wengine bei moja kazi nzima, wengine asilimia ya gharama zote, na hii asilimia mi naitazama kwa jicho la pembeni sababu ukitumia zaidi naye anapata zaidi, sisemi ni mwizi ila mnavutana. Tena kuna cha juu: dukani anapewa punguzo la watu wa fani, wewe unauziwa bei kamili, tofauti inabaki kwake. Kama alikwambia mapema na imeandikwa, sawa tu. Muulize wazi, akianza kuzungukazunguka jibu umeshalipata. Na mkataba useme mkiachana katikati michoro inabaki kwa nani, na marekebisho ni mara ngapi kabla hajaanza kuchaji upya.

Zile picha za kompyuta zinazong'aa zisikuloge, mle hamna waya, hamna ndoo, hamna mtoto. Dai mchoro wenye vipimo, ambao fundi ataufuata hata dizaina asipokuwepo.

Bajeti ikigoma, wapo wanaokubali kulipwa ushauri wa saa moja au mbili tu. Mkae na ramani mezani mmalize soketi, taa na njia za kupita, kochi utalitafuta mwenyewe taratibu.